Pikapu ya Mzee Popatlal na Kompyuta ya Baba Mdogo

Jumatatu, 8 Desemba
Kidato cha nne kimeisha. Baba mdogo Justus kasema nikionekana wa maana gereji kwake hapa Kanyenye, wiki hii hii, nabaki mjini. La sivyo kijijini Puge, kupalilia karanga za bibi. Mpango: kuweka kwenye kompyuta ya ofisi programu ya kusoma hitilafu za magari. Fundi Emilian, anayesikiliza injini kwa bisibisi sikioni, kaniita Daktari wa Waya. Ngoja!

Jumanne, 9 Desemba
Programu imeuliza kama naruhusu ibadilishe mambo kwenye kompyuta. Kompyuta ni ya baba mdogo! Mimi nani wa kuruhusu? Nikabonyeza Hapana. Ikajifunga. Nikaanza upya. Ikauliza tena. Hapana tena, kwa heshima. Tumeshinda hivyo.

Jumatano, 10 Desemba
Nimekwenda kuomba ruhusa. Baba mdogo alikuwa chini ya gari. Shikamoo. Marahaba. Aibu ikanishika, nikamuuliza kama anataka chai. Akataka. Mwishowe Emilian akaniombea, kwa sauti ya kutangaza msiba: Bosi, binti yako anaomba kubonyeza Ndiyo! Gereji nzima ikacheka. Lakini ruhusa ninayo.

Alhamisi, 11 Desemba
Maelekezo yanasema nizime kwanza kinga ya virusi. Nimezima. Programu imeingia! Imeingia na tangazo la dawa ya upara, halitoki. Baba mdogo ana upara. Amelitazama muda mrefu.

Ijumaa, 12 Desemba
Pikapu ya Mzee Popatlal, muuza vitenge, inazimika njiani. Nikachomeka waya wa kompyuta kwenye gari. Majibu papo hapo: injini nzima, kibovu ni paa la kufunguka. Nikamweleza nikitazama viatu vyake. Akauliza pikapu yake imeota paa la kufunguka lini. Emilian akasema, Dada, nilete msumeno tulitoboe? Kumbe nilifungua sehemu ya mazoezi. Gari lililosomwa ni la mfano tu. Waya haukusoma chochote. Emilian akasafisha chujio la mafuta, pikapu ikaunguruma. Baba mdogo akaniuliza kama begi langu lina zipu nzima.

Jumapili, 14 Desemba
Puge. Karanga hazina mwisho. Lakini baada ya misa nimegundua jambo: katekista Adriano ana kompyuta ya parokia, na Mzee Revocatus ana trekta lisilowaka. Nimeshaelewa nilipokosea. Nilianza na gari dogo.