Sauti ya Wananchi Imekaa Kimya

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kitanda cha kuzalishia. Kilikuwa nje, upenuni mwa zahanati, na kuku alikuwa ametaga juu yake. Nikadhani wanafanya usafi. Kumbe ilikuwa siku ya kihistoria.

"Kuanzia leo," alitangaza Mwenyekiti wa zahanati, amevaa koti zito katika jua la mchana, "zahanati hii inaendeshwa na ninyi wananchi. Mimi ni mtumishi wenu tu. Kaeni chini."

Tukakaa chini.

Akatueleza kwamba agizo limetoka makao makuu: kila zahanati iwe na Kamati ya Ushirikishwaji, na ndani yake awemo mwananchi mmoja wa kawaida, cheo chake Sauti ya Wananchi. Wanawake wakampendekeza muuza mkaa, ambaye akisema sokoni husikika mpaka kisimani.

"Huyo ana sauti yake binafsi," alisema Mwenyekiti. "Tunatafuta sauti ya wote." Macho yake yakazunguka, yakanikuta nimejibanza nyuma ya mgongo wa mama. "Wewe binti, una maoni gani kuhusu huduma zetu?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nina haya tangu utotoni. Shule niliiachia darasa la tano, na mojawapo ya sababu ni kwamba walimu walipenda sana kuuliza maswali.

"Mmeona?" Mwenyekiti alifurahi. "Hana upendeleo hata chembe!"

Nikapigiwa makofi, nikabandikwa beji.

Sasa, kamati inayosikiliza watu inahitaji chumba chenye utulivu. Zahanati ilikuwa na kimoja tu chenye mlango unaofungika, bomba la maji na feni, nacho kilikuwa chumba cha kuzalishia. Ndiyo maana kitanda kilitolewa. Wajawazito wakaelekezwa, kwa muda, hospitali ya ng'ambo ya mto, safari nyepesi kabisa kwa mtu asiye na uchungu.

Nyumbani, dada yangu alikuwa amebakiza wiki chache. Mimba ya kwanza, miguu imevimba, akiinuka anashika ukuta.

"Kwa hiyo nikishikwa, nipande pikipiki?" aliniuliza.

"Kwa muda tu," nilimjibu. Nyumbani naongea vizuri.

"Basi mwambie Mwenyekiti wako, na mtoto atoke kwa muda."

Katika kikao cha kwanza fundi seremala, mjumbe mwenzetu, alisimama. Meza ya kamati aliitengeneza yeye, na inawezekana ilikuwa inamuuma.

"Napinga," alisema. "Chumba kirudi kwa wazazi."

Mwenyekiti hakukasirika. Kiongozi msikivu hakasiriki. "Ndugu fundi, chumba hiki ni cha wananchi. Utawapingaje wananchi bila idhini yao?" Na palepale, kwa faida ya wananchi, akatunga kanuni, katibu akaandika: hakuna mtu yeyote, awe mkubwa au mdogo, atakayepinga hoja mpaka Sauti ya Wananchi itamke kwa kinywa chake neno "Ruhusa."

Wote wakanigeukia.

"Mdogo wangu," fundi alinibembeleza, "neno moja tu. Litoe twende zetu."

Nilifungua mdomo. Nilimuona dada akishika ukuta. Ulimi ukaganda.

"Sauti ya Wananchi imekaa kimya," alisema Mwenyekiti kwa heshima. "Pingamizi limekosa ruhusa. Hoja imepita kwa kauli moja."

"Kauli ipi?" aliuliza fundi. "Mbona hakuna aliyesema kitu?"

"Ndiyo hiyo moja."

Siku hiyo mama aliishika beji yangu, akaigeuzageuza. "Mwanangu, hii waliyokupa ni beji au kufuli?"

Nisiidharau kamati, ilichapa kazi. Ilichagua rangi ya mapazia. Ilinunua kengele ya kunyamazisha watu, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Sifa zikavuka mto, na Mgeni Rasmi akaja kutoka makao makuu kuona jinsi wananchi wanavyoshirikishwa.

Alifika asubuhi, mvua ikamfuata nyuma. Kabla chai haijapoa, mto ulikuwa umepanda juu ya daraja, na mlango wa ofisi yetu ukafunguka bila kubishwa hodi. Aliingia mkunga, amemshika dada yangu mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa kwa mama.

"Mkunga, tuko kwenye kikao!" alifoka Mwenyekiti. "Hili halimo kwenye ajenda."

"Hata kwenye ajenda yangu halikuwemo leo," alihema dada. "Limejiingiza."

Mgeni Rasmi akaweka kikombe chini, uso umechangamka. "Kumbe wananchi wanaingia vikaoni wenyewe! Sema, mama."

"Natoa hoja," alisema mkunga. "Hiki kiwe chumba cha kuzalishia kuanzia sasa hivi, siku zote. Meza itoke, kitanda kiingie."

"Safi. Kuna anayepinga?"

"Mimi napinga!" Mwenyekiti aliruka.

"Utaratibu, Mwenyekiti," alisema fundi, taratibu kama mtu anayepiga randa.

Mgeni akauliza ni utaratibu gani. Katibu, ambaye hajawahi kuruka mstari maishani mwake, akamsomea kanuni yote, pamoja na "awe mkubwa au mdogo."

"Nzuri mno!" alisema Mgeni. "Nitaipeleka kila wilaya. Na Sauti ya Wananchi ni nani?"

Nikanyoosha beji.

Mwenyekiti akanigeukia. Jasho lilikuwa limeshuka hadi kwenye tai. "Binti... mwanangu. Mimi ndiye niliyekuinua. Sema. Neno moja tu."

Dada alikuwa ameshika ukuta. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Sauti ya Wananchi imekaa kimya," alitangaza Mgeni Rasmi. "Hoja imepita!"

Meza ikatoka na vikombe juu yake. Kitanda kikaingia, kikafutwa kwa dawa. Ajenda zilizobaki Mwenyekiti alizimalizia upenuni, mvua ikimrushia matone, huku kuku akimzunguka na kumdai kiota chake. Alipokuwa kwenye "mengineyo," mtoto wa kike akalia ndani, kwa sauti ambayo haikuomba ruhusa kwa mtu.

Chumba hakijahama tena. Mwenyekiti ameshanisamehe. Huwaambia watu si kosa langu, nilizaliwa na haya, na mtu hapigani na maumbile. Mimi huitikia kwa kichwa.

Lakini ulimi wangu haukuganda siku ile, Mwenyekiti. Neno lako lilikuwa tayari, nimelishika kwa meno. Nikalimeza.