Itika, Kisha Uonyeshe Kadi

Jumatatu, 1 Septemba
Mchungaji Mathenge anatafuta mwalimu wa darasa la ubatizo la watu wazima. Tumejitokeza wawili: mimi, na Kiplangat wa Olkaria, mwenye sauti nzito na gari. Jumapili kila mmoja ataeleza neno "itikadi" mbele ya kanisa. Atakayeeleweka ndiye atakayepewa darasa. Celestine amejiandikisha. Sigombei kwa sababu yake. Lakini suti nimepeleka kwa dobi.

Alhamisi, 4 Septemba
Dada yangu Achola, mwalimu wa Kiswahili, amepiga simu. Anataka nipitie kwake nichukue kamusi. Nikamwambia kamusi ni ya watu wasiojiamini. Akasema, "Haya, Odero." Alisema hivyo hivyo nilipotaka kufuga sungura ndani ya nyumba.
Nimelipasua neno mwenyewe, hapa hapa Bondeni, chai ikiwa bado moto. Itika. Kadi. Unaitwa, unaitika, unaonyesha kadi ya ushirika. Sijui wataalamu walikuwa wapi.

Jumapili, 7 Septemba
Nilianza vizuri. Watu walitikisa vichwa kukubali. Nikanogewa. Nikasema asiye na kadi hana itikadi.
Hapo mama Jepkemei, ambaye amefagia kanisa hili tangu likiwa la mabati, akachukua mkoba wake, akaanza kutoka polepole. Kumbe kadi yake iliungua pamoja na nyumba, kule Molo. Sikujua. Sikuwa nimeuliza.
Kiplangat hata hakupanda mimbarini. Alimfuata mlangoni, akamwambia, sote tukisikia, kwamba neno lenyewe limetoka Kiarabu, na mzizi wake ni kufunga fundo. Ni jambo ulilolifunga moyoni likakaza.
"Na lako, mama, limekaza kuliko letu sote."
Akamrudisha hadi kitini amemshika mkono. Celestine alikuwa akipangusa macho. Mimi nilitazama viatu vyangu. Niliving'arisha bure.

Jumatatu, 8 Septemba
Darasa limeenda kwa Kiplangat. Hakuna aliyeshangaa, jambo ambalo naliona si la adabu.
Nimempelekea mama Jepkemei sukari na majani ya chai, nikaomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Akacheka mpaka akakohoa, akanimiminia maziwa ya mursik, akasema, "Kijana wangu, hata mimi nilidhani ni kadi. Ndiyo maana nilitoka."
Kwa hivyo tulikuwa wawili. Hilo si kosa tena. Ni maoni tofauti.
Nikirudi nyumbani nikaanza kuwaza neno "dhehebu". Litamke polepole. Dhehebu. Dhahabu. Mtu haingii dhehebu bila dhahabu, ni wazi kabisa, na Kiplangat hajaligundua.
Jumapili nitaomba maikrofoni.