Muhuri wa Kandambili

Jumatatu, 2 Juni 2025

Haki ya Mungu, watu hawana shukrani! Kamati ya uwanja wetu wa mpira hapa Makanyagio inatafuta nyaraka za enzi uwanja unaanzishwa. Jumamosi majina ya waasisi yanaandikwa kwenye kibao cha getini. Makarius, fundi cherehani, keshatangaza mtaa mzima kuwa mwanzilishi ni baba yake. Baba yake! Alikuja siku moja, akaumwa mgongo mwezi mzima. Aliyeng'oa visiki pale ni marehemu baba yangu, Mzee Methusela. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji. Kafa bila hata asante. Jina lake lazima likae pale.

Jumanne, 3 Juni

Nimepekua sanduku la bati la marehemu. Nyaraka hakuna. Daftari moja tu la penseli: majina na visiki, visiki na majina. Hakuna muhuri hata mmoja! Karatasi bila muhuri si ya kufungia karanga tu? Nimechana ukurasa mmoja mtupu. Lililobaki nimempa mke wangu Pudensiana, afungie karanga zake.

Muhuri nimechonga mwenyewe kwa kandambili. Barua nimeiandika kiserikali: "Mkoa wa Katavi, 12 Machi 1971. Uwanja huu umeanzishwa na Bwana Methusela, peke yake." Nikailoweka kwenye chai ya rangi ili izeeke. Imezeeka kuliko mimi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimedhalilishwa! Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Dorotea mstaafu, kainusa barua, kauliza mbona 1971 inanukia tangawizi. Nikamjibu ni unyevu. Ndipo akasema mbele ya watu wote:

"Ndugu Telesphor, Katavi imeanza 2012. Mwaka huo wa barua yako sisi tulikuwa Mkoa wa Tabora."

Makarius alicheka mpaka akashika meza. Kisha akatoa mfukoni karatasi yenye mafuta. Kanunua karanga kwa mke wangu, mnafiki mkubwa, akasoma karatasi ya kufungia! Baba yake yumo: visiki vitatu. Mwandiko wa baba yangu kabisa. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, kama kichanga.

"Aliyeandika daftari hili ndiye tunayemtafuta," alisema. "Jina lake litakaa juu ya wote."

Nikasimama kupinga. Nusu saa nzima! Karatasi haina muhuri! Ina chumvi! Kamati gani inapokea takataka za karanga? Nikadai itupwe. Wakanitoa nje.

Ijumaa, 6 Juni

Karanga zimetoka sana wiki hii. Daftari limebaki jalada tu. Pudensiana kanionyesha: limeandikwa jina la baba, chini yake "Kazi ya Uwanja, 1971". Anataka nilipeleke kwa Mwalimu hivyo hivyo lilivyo.

"Baba Mercy, jina la baba mkwe si hili hapa?"

Muuza karanga na mambo ya ofisi wapi na wapi! Penseli, muhuri hakuna. Wanicheke mara ya pili?

Ila jalada lenyewe ni gumu, lina heshima. Nimefuta penseli yote kwa raba, hakuna hata alama. Nimeandika barua upya, nikachonga muhuri mkubwa zaidi, kandambili ya mguu wa pili. Mkoa nimeweka Rukwa. Tabora ni mbali mno, nani ataamini?

Kesho jina la baba linakaa juu ya wote, wapende wasipende. Safari hii chai haina tangawizi.