Pilau ya Kuingilia Chuo Kikuu

Jumatatu, 9 Novemba 1998

Imebaki wiki moja! Jumanne ijayo ni usaili wa kuhama kutoka chuo chetu cha ufundi kwenda Chuo Kikuu, uhandisi wa umeme, mwaka wa pili. Nafasi mbili tu. Nikikosa, kibali changu cha kusoma huku ugenini kinaisha Desemba, narudi Bukoba. Na Bukoba baba ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe Deusdedit yuko Chuo Kikuu. Mimi ndiye niliyemwandikia. Nilitangulia kidogo tu.

Mugambi, Mkenya ninayepanga naye chumba hapa mtaani Glenwood, anaomba nafasi hizohizo. Kaniambia tusome pamoja. Nikamshukuru, nikalala. Maskini Mugambi, hajui dunia inavyokwenda. Mtu haingii mahali kwa kusoma. Anaingia kwa kujulikana.

Jumatano, 11 Novemba

Nimempata mtu! Dokta Kagendo, Mkenya, mhadhiri, yumo kwenye jopo la usaili. Mpwa wake Irene anaolewa na Mtanzania, na sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ni Jumamosi. Mpishi wa kamati ya sherehe kaugua ghafla. Nimejitolea kupika pilau ya watu themanini.

Sijawahi kupika pilau. Nimewahi kuila mara nyingi sana, tena kwa makini.

Dokta kanishika mikono yote miwili, kaniita mwanangu. Habari ya usaili sijamgusia. Hiyo nitaitoa akishashiba.

Alhamisi, 12 Novemba

Sokoni Warwick tangu asubuhi: iliki, mdalasini, bizari, vitunguu gunia zima. Kisha Mobeni, kwenye viwanda, kuazima sufuria ya kantini kwa Onesphore, Mkongo, mlinzi wa kiwanda. Nikamweleza mpango wangu wote. Kanitazama, katikisa kichwa. "Nyama iko, mchele iko. Sasa akili iko wapi? Si uko na examen?" Watu wa lindo hawaelewi siasa za vyuo. Kwenye teksi, ndiyo daladala za huku, sufuria imelipishwa kiti kama abiria.

Ijumaa, 13 Novemba

Ninachambua mchele, Mugambi ananisomea daftari lake kwa sauti. Transfoma hunguruma kwa sababu umeme unageuka-geuka, sumaku inavuta chuma na kukiachia, chuma kinatetemeka. Nimemwambia anyamaze, ananipotezea hesabu ya vikombe. Wivu tu.

Jumamosi, 14 Novemba

Pilau chini imeungua, juu mbichi, katikati safi kabisa! Nikagawa kwa akili. Katikati kwa Dokta Kagendo na wote waliovaa suti. Juu kwa vijana. Ukoko kwa wasio na maana.

Spika zilikuwa zikinguruma tangu mchana. Mzungu mmoja wa kaptula na sandali kapiga magoti anazichokonoa. Fundi wa kukodi, dhahiri. Mugambi kavua koti, kamshikia tochi! Msomi mzima! Niliona aibu kwa niaba yake.

Fundi kaja na sahani. Nikampa ukoko na mfupa. Akaniuliza, huku anatafuna kwa shida, kama najua kwa nini transfoma hunguruma. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa Chuo Kikuu, mambo ya spika awaulize mafundi wenzake. Kacheka. "Sharp," kasema, yaani poa kwa lugha ya huku, kaondoka na mfupa wake.

Halafu ikaja saa yenyewe. Nikamwinamia Dokta Kagendo, nikamnong'oneza kwamba Deusdedit wa usaili wa Jumanne ndiye mimi. Kijiko chake kikasimama hewani. "Ai, mwanangu! Si ungeniambia mapema?"

Ameguswa! Kwisha kazi.

Jumanne, 17 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Mugambi kaingia kwanza, katoka anatabasamu. Zamu yangu. Hata sijakaa, Dokta Kagendo kasimama. Kawaambia wenzake kwamba kijana huyu ameipikia familia yake, kwa hiyo hawezi kumsaili, taratibu za hapa hazimruhusu. Akatoka! Kidogo nimshike gauni.

Akaletwa mtu wa kukaa kwenye kiti chake. Kaptula. Sandali. Dokta Fourie, mhadhiri wa umeme, ambaye Jumamosi alialikwa na Dokta Kagendo kama mgeni.

Kaniuliza kwa upole kabisa swali lilelile: kwa nini transfoma hunguruma?

Jibu nalijua! Nalijua! Lakini kila nikimtazama namwona na ule mfupa mkononi. Nikafungua mdomo, nikasema kwamba moto ulikuwa mkali, na pia inabidi ifunikwe vizuri.

Mtu mmoja akakohoa. Niliogopa kweli, si mchezo. Nilimwona baba amesimama kanisani, watu wote wamegeuka kumtazama.

Ijumaa, 20 Novemba

Mugambi kapata. Nimempongeza kwa meno.

Jioni Dokta Kagendo kaniita nje ya ofisi yake. Kumbe maksi zangu zilitosha tangu mwanzo! Nilitakiwa kujibu swali moja tu. Nafasi ya pili bado haijajazwa, na Dokta Fourie kanionea huruma: nitasailiwa tena tarehe nne Desemba, kwa mara ya mwisho, yeye ndiye mwenyekiti. Machozi yalinitoka, sifichi. Dokta kanishika bega. "Soma tu, mwanangu. Usimpikie mtu."

Nimemwelewa kabisa. Fourie si mtu wa pilau.

Basi nimeulizauliza. Kila Jumamosi asubuhi Dokta Fourie hutembeza mbwa wake kwenye bustani hapa jirani. Mtu wa mbwa! Onesphore kakubali kuniazima mbwa wa kiwanda. Mkali kidogo, lakini kesho atakuwa na mimi. Tutakutana na Fourie kwa bahati, tutacheka, hadi tarehe nne nitakuwa kama mtoto wa nyumbani kwake.

Nimenunua kaptula Warwick. Nimeipiga pasi juu ya madaftari aliyoniachia Mugambi. Yamejaa, yamenyooka, yanafaa sana kwa kazi hiyo.

Baba nimemwandikia kwamba mwakani huenda nikaanza kufundisha. Nimetangulia kidogo tu.