Siku Kadi Zilipomtaja Fahali wa Malindi

Wenzangu, heshima yote niliyojijengea hapa Lushoto imeporomoka leo asubuhi. Imeporomoka mbele ya mkuu wa kituo, mbele ya mjomba wangu mwenyekiti, na mbele ya ujumbe mzima wa kijiji. Hakuna aliyenisukuma. Nimeiangusha mwenyewe, kwa mikono yangu na sindano ya kufumia sweta.

Nawaandikia yote tangu mwanzo, maana mkisikia kwa mtu mwingine itakuwa mbaya zaidi.

Mnakumbuka tulipomaliza masomo nilipangiwa kazi kwenye kituo cha utafiti wa mazao. Mimi nilidhani nitapima mvua na kuhesabu majani. Mkuu wa kituo akanipeleka maktaba. "Watafiti wetu wanahangaika miezi na jambo ambalo mtu alishalijibu zamani," aliniambia. "Wewe, Ndugu Mwanaidi, utajifunza kutafuta yaliyokwisha kuandikwa. Mama Zubeda atakufundisha."

Mama Zubeda ndiye mkutubi wetu. Amesomea kazi hiyo, sauti yake ya upole, macho yake makali, na asiposoma anafuma sweta, kwa sababu baridi ya huku haina utani. Wiki ya kwanza alinituma nitafute maandishi juu ya viazi mviringo. Nikakumbuka kwamba Waingereza huviita viazi vya Ireland. Nikaenda moja kwa moja kwenye droo ya herufi I, nikarudi na kitabu kinene. Kilikuwa historia ya vita vya Ireland. (Nilishakifikisha mezani kwa mkuu kabla ya kukifungua.)

"Kitu kimoja kina majina mengi," Mama Zubeda alinifundisha. "Kiazi kina jina la shambani, jina la sokoni, na jina la Kilatini la wataalamu. Uyajue yote kabla hujafungua droo." Kisha akanifundisha kuangalia mwisho wa makala, pale mwandishi anapotaja aliowasoma, ili nao niwatafute, na wao wanipeleke kwa wengine. Halafu akanifundisha "na" na "au", mambo niliyodhani niliyamaliza darasa la kwanza.

"Ukitafuta maharage na mahindi pamoja, unapata makande tu," alisema. "Ukitafuta maharage au mahindi, unapata jiko zima. Jua unataka nini."

Lakini kilichonipa kiburi ni kadi.

Kila makala iliyofika kituoni ina kadi yake. Ukingo wa juu wa kadi una matundu yaliyopangana kama vifungo vya koti, na kila tundu lina maana: hili viazi, lile kahawa, lile ghala. Kona moja ya kila kadi imekatwa, ili uone kama zote zimeelekea upande mmoja. Makala ikihusu viazi, tundu la viazi linakatwa kwa mkasi mpaka ukingoni, linabaki wazi. Sasa ukitaka za viazi, unashika bunda zima, unapitisha sindano ndefu kwenye tundu la viazi, unainua, unatikisa. Zisizohusika zinaning'inia kwenye sindano. Zinazohusika zinaanguka mezani. Ukizichukua hizo na kuzipitishia sindano kwenye tundu la ghala, zitakazoanguka tena zinahusu viazi ghalani. Hayo ndiyo makande yako.

Mara ya kwanza kuona, mwili ulinisisimka. Ni kama kupepeta, ila hapa ungo wenyewe unajua unachokitaka.

Sindano ya kituo ilikuwa imevunjika, kwa hiyo tunatumia ya akiba ya Mama Zubeda ya kufumia.

Sasa njooni kwa mjomba. Mjomba Athumani, kaka yake mama, ni mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa kule Malindi, hii ya huku milimani, siyo ya pwani. Idi iliyopita nilimweleza kwamba kazi yangu ni kutafuta makala. Akatafuna kipande chake cha nyama, akameza, akaniuliza, "Zilipotea?"

Watu wote wa nyumbani wakacheka. Mama pia. Niliapa moyoni kwamba siku moja ataona.

Siku hiyo ikawa leo. Viazi vya shamba la kijiji vinaoza ghalani, na mbegu ya msimu ujao imo humo humo. Mbaya zaidi, watu wameanza kunong'ona kwamba vya nyumbani kwao haviozi, vinavyooza ni vya kijiji tu. Mnajua mnong'ono wa namna hiyo unavyoweza kumfikisha mwenyekiti pabaya. Kwa hiyo mjomba akateremka na wajumbe wake kuomba ushauri. Mtaalamu wetu wa viazi yuko safarini. Mkuu akasema, "Wapelekeni maktaba. Mwanaidi atatutafutia kilichoandikwa."

Wakaingia. Nikamwamkia mjomba shikamoo, nikawaamkia na wengine, mmoja mmoja. Kati yao alikuwepo Mama Salehe, anayesimamia ghala la kijiji, mwanamke mnene mwenye kicheko ambacho huwa kinatangulia mwili wake mlangoni. Leo alikuwa ametulia. Viazi vile vinamuuma.

"Onga makeo," mjomba alimsabahi Mama Zubeda kwa Kisambaa, kisha akatazama rafu zote kama mtu anayetazama zizi la jirani. "Sasa, mpwa wangu. Dawa ya viazi iko wapi?"

Mngekuwa nyinyi mngefanya kazi kimya kimya. Mimi nikatoa hotuba. Nikaeleza matundu, nikaeleza mkasi, nikaeleza sindano. Wageni walikuwa wamekaa upande wa pili wa meza, na niliona hawaoni vizuri. Nikaligeuza bunda zima liwaelekee wao. (Hapo ndipo nilipokufa, ila sikujua.) Nikahakikisha kona zilizokatwa zimepangana, kama nilivyofundishwa. Zilikuwa zimepangana. Nikahesabu matundu kutoka kushoto kwangu, nikachomeka sindano.

"Wazee wangu," nikasema, "zitakazoanguka ndizo jibu lenu. Kadi hizi hazidanganyi."

Nikainua. Nikatikisa. Kadi kadhaa zikaanguka. Mmoja wa wajumbe akasogeza kiti. Nikazikusanya, nikachomeka sindano kwenye tundu la pili, nikainua tena, taratibu, nikimwangalia mjomba usoni.

Ikaanguka kadi moja tu.

Wajumbe wote wakainamia meza. Nikaiokota. Imeandikwa Kiingereza, kwa hiyo nikaanza kuwatafsiria kwa sauti ya kusomea risala, neno baada ya neno, bila kusoma mbele:

"'Sababu zinazomfanya fahali mgeni, katika nyanda za baridi, akatae... kupanda majike.'"

Kwetu msichana hatamki hata neno mimba mbele ya mjomba wake bila kuuzunguka mlima mzima kwanza. Mimi nimelitamka la fahali, kwa sauti, mbele ya wajumbe, na mdomo ulikuwa umeshika kasi kiasi kwamba nikamalizia, "'Na njia za kumsaidia.'"

Nilitaka sakafu inimeze. Nilisubiri mjomba apandishe hasira. Hakupandisha. Alikuwa amekodoa macho kwenye kadi, na uso wake umebadilika.

"Nani amekuambia?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kuniambia nini, mjomba?"

"Ni mama yako. Mama yako hana siri."

Mama Salehe akajifunika khanga mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika. "Mwenyekiti, usimsingizie dada yako. Jambo lenyewe hata mbuzi wa Malindi wanalijua."

Ndipo likatoka lote. Kijiji kimepewa fahali wa kisasa. Aliletwa kwa lori, akapokewa kwa ngoma, na mjomba akawatangazia majirani zake wa Mlalo kwamba mwakani wasishangae bonde likijaa ndama. Tangu siku ile fahali anakula, analala, anatazama milima. Ng'ombe jike akipita mbele yake anageuza shingo kama mtu aliyeudhiwa. Kijiji kilikubaliana kwamba habari hiyo isitoke nje.

Mjomba akajisogeza kidogo kutoka mezani. Akaniuliza kwa uangalifu mkubwa, "Na kadi hizi... zinajua na mambo mengine?"

Mkuu wa kituo naye alikuwa amesimama nyuma akishangaa, lakini alijikaza. "Wazee," alisema, "maktaba yetu ni ya kisasa."

Nami nikanyamaza. Ndiyo, nilinyamaza. Nilikuwa sielewi kilichotokea, lakini nilianza kuona kwamba huenda nisiaibike kabisa. Wajumbe walikuwa wananitazama kama wanavyomtazama mganga. Hata mjomba. Nikanyoosha mgongo kidogo.

"Mwanaidi," Mama Zubeda akaita kutoka dirishani, bila kuinua macho kwenye sweta. "Kona zilizokatwa zinatakiwa kuwa upande gani?"

"Kulia, mama."

"Ziko upande gani?"

Nikatazama. Zilikuwa kushoto, zimepangana vizuri sana, zote. Nilipoligeuza bunda kwa ajili ya wageni, tundu la viazi lilihamia upande wa pili, na mimi nikachomeka sindano kwenye uzazi wa mifugo. Nilipodhani nimeshika ghala, nimeshika madume.

Ikabidi nieleze. Nikaeleza nikitazama vidole vyangu. Nilipomaliza, mjomba akavuta pumzi ndefu.

"Kwa hiyo hazijui kitu."

"Hazijui, mjomba. Ni mimi nilizigeuza."

"Na tumejitangaza wenyewe."

Hapo Mama Salehe akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza, meza ikatikisika, na zile kadi zilizobaki kwenye sindano zikamwagika sakafuni. Mkuu wa kituo akageukia ukutani akijifanya anakohoa. Hata wajumbe wawili wazee waliokaa kimya tangu walipofika walikuwa wanafuta machozi. Mimi nilikuwa chini ya meza naokota kadi, na nilikaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Aliyenitoa ni Mama Zubeda. Aliinama, akaniambia taratibu, "Kadi zimeanguka, viazi bado vinaoza. Njoo."

Nikatoka. Nikazipanga upya, kona kulia. Safari hii sikutoa hotuba. Sindano kwenye viazi, sindano kwenye ghala. Zikaanguka chache, nikazisoma zote kimoyomoyo kwanza, mpaka mwisho, ndipo nikazitafsiri. Tukazitoa makala zenyewe kwenye rafu, na moja ikatupeleka kwenye nyingine nzuri zaidi. Tukakaa nazo mpaka chai ikapoa: viazi vianikwe kivulini vikauke kabla ya kuingizwa, vilivyokatwa na jembe vitengwe, visirundikwe mpaka juu, vipandishwe kwenye uchaga hewa ipite chini.

Mama Salehe aliacha kucheka. "Tulivimwaga na matope yake," alisema. "Mvua ilikuwa inatukimbiza. Tukavirundika mpaka vikagusa paa." Akamgeukia mjomba. "Vya nyumbani haviozi kwa sababu ni vichache, vinapata hewa. Siyo ujamaa unaooza, mwenyekiti. Ni rundo."

Mjomba akalirudia neno hilo mara mbili, polepole. Nadhani atalihutubia.

Walipoaga, nikadhani yamekwisha. Nikawa narudisha makala kwenye rafu, mlango ukafunguka. Mjomba, peke yake. Akatazama nyuma yake, akaufunga mlango.

"Ile kadi ya mwanzo," alisema. "Makala yake ipo?"

"Ipo, mjomba."

"Nisomee. Ila yale ya katikati uyaruke, tuheshimiane."

Nikamsomea, nikiruka ya katikati. Alisikiliza ameinamisha kichwa kama yuko msikitini. Nilipofika kwenye sehemu ya kwato, kwamba fahali mwenye maumivu ya kwato za nyuma hawezi kujiinua, akanishika mkono.

"Kwato," alisema. "Huwa anachechemea. Sisi tukasema ni maringo."

Akasimama, akatengeneza kofia yake. "Mama yako nitamwambia unafanya kazi nzuri," alisema. Kisha akafika mlangoni, bega likaanza kumtikisika, akatoka haraka. Nikamsikia akicheka mpaka kwenye bustani ya maua ya mkuu.

Kufikia mchana kituo kizima kilikuwa na habari. Mpishi amenipakulia wali akaniuliza kama Bibi Fahali anaongeza mchuzi. Kwa hiyo, wenzangu, nawaomba msicheke. Na kama hamtaweza, basi mkinijibu, juu ya bahasha andikeni Mwanaidi, siyo jina hilo, maana barua za hapa zinasomwa majina kwa sauti, na anayezisoma ni yule yule mpishi.