Hatua Ndefu za Pascasie

Jumatatu, 8 Aprili
Nimetukanwa kazini. Kwa upole, lakini nimetukanwa. Papa Isidore, mkuu wa biro yetu ya kupima maji ya ziwa, aliuliza kwa nini programu yangu ya kukadiria mafuriko inahesabu tangu asubuhi na bado haijaivuka leo. Nikamweleza kwamba kuhesabu kwa hatua fupi za muda ni heshima kwa ziwa. Pascasie, aliyetujia kutoka Lubumbashi juzijuzi, akadakia mbele ya wote. Eti viwimbi hupita kwa dakika, ziwa hupanda kwa majuma, na njia yangu inalazimika kukimbiza kila kiwimbi. Eti nichukue njia ya hesabu iitwayo Runge-Kutta fiche, iko tayari kwenye maktaba ya programu za hesabu. Hiyo huenda kwa hatua ndefu bila kuyumba, kwa sababu huweka hali ya kesho ndani ya hesabu yenyewe, kisha hukisia na kusahihisha mpaka jibu litulie.

Kukisia. Nimesoma miaka yote hiyo ili nikisie.

Jumanne, 9 Aprili
Nimempata. Kama siri ni hatua ndefu, hata mimi naziweza, kwa njia yangu ileile. Nikazirefusha. Kufika saa sita, kwenye skrini ziwa lilikuwa limekauka mpaka mji wa Moba, kisha likapanda juu ya milima, kisha kompyuta ikaandika kwamba jibu si namba tena. Papa Isidore aliuliza kama tuwaarifu watu wa Kigoma. Pascasie hakucheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumatano, 10 Aprili
Nimeichukua maktaba ile kimyakimya. Inauliza maswali kama polisi: utavumilia kosa kubwa kiasi gani, kisio kisahihishwe mara ngapi. Mimi ni muntu mvumilivu, nikaandika kosa kubwa. Kusahihisha, mara moja inatosha. Jibu likatoka kabla chai haijapoa: maji hayatafika kwenye tanuri la Mama Clémentine, anayeoka mikate karibu na mto Lukuga. Chini ya jibu, maktaba ikaonya kwamba halijatulia. Nikazima maonyo.

Nikaenda mbio kumwambia Mama kabla Pascasie hajafika. Nilimkuta akifunga magunia ya unga ayapeleke kwa dada yake Emilie, kilimani. Nikamwambia afungue.

"Papa Célestin, uko na hakika?"

Nikamjibu kwamba hii njo Runge-Kutta fiche yenyewe. Akafungua.

Ijumaa, 12 Aprili
Pascasie kaja kwa Mama Clémentine na hesabu yake. Maktaba ileile, lakini kosa dogo mno, na kusahihisha mpaka jibu litulie kabisa. Anasema maji yataingia kesho. Nikamweleza Mama kwamba wageni wanaliogopa ziwa. Mama akaniamini mimi, jirani wa kartie, wa mtaa wake. Pascasie akasema atakuja asubuhi na mkokoteni, atakiwe asitakiwe. Ukaidi wa namna hiyo sijauona.

Jumamosi, 13 Aprili
Maji yameingia. Tulibeba unga, maji magotini, Pascasie mbele na mkokoteni wake. Magunia mengine yaliloa, yakawa uji. Ukuta mmoja wa tanuri umeanguka. Mama Clémentine hakunigombeza. Alisema tu, akikamua kitenge chake: "Mimi nilikuuliza maji, Papa. Wewe ukanijibu jina la hesabu."



Jumatatu, 15 Aprili
Nimetafakari. Kosa ni la maktaba. Walioiandika hawajawahi kuliona ziwa hili. Papa Isidore ameniondoa kwenye utabiri, sasa nasoma vipimo vya maji ufukweni. Husuda tupu. Kwa hiyo nimeanza maktaba yangu mwenyewe. Fiche kabisa, ila bila usumbufu wa kusahihisha: anayelijua ziwa hukisia mara moja. Jibu la kwanza limeshatoka: maji yataondoka Alhamisi, wala hayatarudi. Nilipita kwa Mama Clémentine kumwambia ajenge tanuri palepale. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajitwika matofali ya tanuri, akapanda kilimani kwa Emilie.

Hakuelewa. Nitampelekea mchoro.