Sukari Yangu Ishuke Kuliko ya Mwinyihaji

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mtihani wa leseni ya unesi ni Alhamisi, Mombasa. Mjukuu wangu Kasiva alianguka mara ya kwanza. Akianguka tena, kazi aliyowekewa hapa Voi anapewa mwingine. Nimemwambia asihangaike, mwalimu ni mimi. Nimelinda geti la zahanati miaka kumi na tisa. Dawa zote zilipita mbele yangu! Akasema hata mbuzi walipita. Hana adabu.

Nina ugonjwa wa sukari, kwa hivyo amekubali kunipima apate mazoezi. Shida moja: amemwita na jirani, Mwinyihaji. Kidole changu: kumi na nne. Chake: saba. Sasa mtaa wetu wote wa Kaloleni unajua saba yake! Mimi ameniuliza kama nimemeza kiwanda cha miwa. Kasiva naye amebeba kopo letu la sukari, akawapa majirani.

Jumanne, 4 Novemba

Kasiva anasoma kwa sauti. Mgonjwa wa sukari akitokwa jasho, akitetemeka, akianza kuongea ovyo, sukari imeshuka. Akiwa anaweza kumeza, mpe ya kunywa haraka. Akizimia, usimtie kitu mdomoni. Nimesikiza nusu. Kumbe inashuka! Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta. Kesho tunapimwa tena.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemeza vidonge vyangu vya sukari viwili badala ya kimoja. Uji nikawapa kuku. Saa nne, jasho. Mikono ikaanza kucheza. Nikajua mambo ni mazuri.

Mwinyihaji: saba nukta mbili. Mimi: mbili nukta nane! Nikataka kuruka, miguu ikakataa. Wanasema nilimwita Mwinyihaji kwa jina la Susan, mke wangu marehemu, nikamuuliza mbona amefuga ndevu. Uongo mtupu.

Kasiva hakunipongeza. Akauliza nimemeza vingapi. Akaniambia nimeze mate, nikameza. Sukari kwetu hakuna hata chembe. Aliyekimbia kuleta ni Mwinyihaji, na magoti yake yale! Vijiko vitatu kwenye maji. Dakika kumi na tano, kidole tena: tatu nukta nne. Vijiko vitatu vingine. Nne nukta tisa. Ndipo nikapewa chapati, nayo ya Mwinyihaji. Aibu!

Kasiva amenikalia mchana kutwa, ananidunga kila saa, eti vidonge hivi vinaweza kuishusha tena. Kitabu hakugusa. Nimemwona akijifuta macho na leso. Amepanda treni bila kusoma ukurasa mmoja. Mashine ya kupimia amemwachia Mwinyihaji, anilinde. Mimi! Mlinzi!

Alhamisi, 6 Novemba

Mwinyihaji ananipima na kutangaza namba hadi barabarani. Sijali. Mtoto yuko ndani ya mtihani sasa hivi. Akianguka, nimemwangusha mimi. Nimeshaandika, na wino huu haufutiki.

Jumamosi, 8 Novemba

Kasiva amerudi anacheka! Swali lilikuja: mzee anameza vidonge vya sukari, hakula, anatetemeka, anaongea ovyo, utaanza na nini? Anasema mkono ulijibu wenyewe, kidogo aandike jina langu, Munyao. Matokeo bado, lakini huyo amepita. Nimemwambia leseni iandikwe majina mawili. Ameniapisha: kidonge kimoja, na chakula. Nimeapa.

Rafiki yake Mable naye anarudia mtihani. Presha ndiyo inamchanganya. Maskini, hana mwalimu! Nimempigia aje Jumatatu na mashine ya presha. Mwinyihaji yake ni mia moja thelathini. Yangu itakuwa chini ya hapo. Vidonge vya presha ninavyo vinne, na uji kuku wameuzoea.